Jenereta ya dizeli iliyotoka jeshini: injini inaunguruma lakini umeme hautoki

Injini imewaka, moshi umekaa sawa, mlio hauna tatizo, lakini mshale wa mita ya volti umelala kwenye sifuri. Au mshale umesimama pale panapotakiwa, ila ukiunganisha mzigo hakuna kinachowaka. Kwa mwenye jenereta hali hizi mbili ni shida moja: umeme hakuna. Kwa fundi ni magonjwa mawili yasiyohusiana kabisa, na kazi kubwa ya mwongozo huu ni kuyatenganisha mapema, kabla hujafungua bolti hata moja na kabla hujatoa pesa kununua AVR mpya (kile kifaa cha elektroniki kinachodhibiti volti za jenereta). Watu wengi hukimbilia AVR. Mara nyingi haina kosa lolote, na anayeibadilisha bila kupima hubaki na tatizo lilelile pamoja na hasara juu yake.

Mifano yangu nitaitoa kwenye jenereta za jeshi la Marekani za familia ya MEP, ambazo huuzwa sana baada ya jeshi kuziacha. Kuna MEP-002A ya kilowati 5 na MEP-003A ya kilowati 10, zenye injini za Onan zinazopozwa kwa hewa. Kuna zilizokuja baadaye, zenye maboksi ya kupunguza kelele na injini za kupozwa kwa maji: MEP-802A ya kilowati 5 na MEP-803A ya kilowati 10. Zote zina mfumo wa volti 24 wa betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa. Ukiwa na jenereta ya jeshi lingine mantiki ni ileile, ila majina ya swichi na rangi za waya vitatofautiana.

Kabla ya kugusa

Volti 240 zinaua, na jenereta yenye hitilafu inaua kirahisi zaidi kwa sababu hujui umeme umejificha wapi. Kuona sifuri kwenye mita ya paneli hakumaanishi kwamba waya hauna kitu. Ondoa mzigo wote kwenye terminali za kutolea umeme, na hakikisha jenereta haijaunganishwa kwa njia yoyote na nyaya za nyumba au za gridi. Kila unapotaka kushika waya kwa mkono, zima injini, subiri isimame kabisa, kisha fungua waya hasi wa betri. Vua pete na saa: betri hizi mbili, zenye jumla ya volti 24, zikipigwa shoti na pete, pete inageuka nyekundu kidoleni. Fanya kazi nje, moshi uende mbali na pale ulipo, na awepo mtu wa pili anayejua swichi ya kuzima iko wapi. Vipimo vingi hapa chini vinahitaji watu wawili hata hivyo.

Vifaa ni vichache: multimita nzuri yenye waya zisizochubuka, seti ya spana, brashi laini ya waya, dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, tochi, na mchoro wa nyaya wa jenereta yako. Mchoro ndio wa muhimu kuliko vyote. Jenereta nyingi za MEP zina kibao cha mchoro ndani ya mlango wa paneli, na vitabu vyake vya ufundi vya jeshi vinapatikana kwa namba. Bila mchoro utabaki unabahatisha.

Hatua ya 1: Soma kibao cha jenereta

Tafuta kibao cha chuma kwenye mwili wa mashine. Andika modeli, kilowati, volti na hezi. Hezi ndizo hasa ninazotaka uzitazame. MEP-802A na MEP-803A hutoa hezi 60, lakini ndugu zake MEP-812A na MEP-813A hutoa hezi 400, kwa ajili ya mitambo maalumu ya kijeshi. Kwa nje zinafanana mno. Kama umenunua ya hezi 400 ukidhani ni ya kawaida, inaweza kuwa nzima kabisa na bado isifae kwa friji, pampu wala feni yako. Hilo halitengenezeki kwa kurekebisha skrubu.

Hatua ya 2: Tazama kilichokosekana

Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya jenereta ya jeshi na ile iliyokuwa ikifanya kazi jana ikaharibika leo. Mashine iliyotolewa jeshini huenda ilikaa uwanjani miaka mingi. Huenda ilitolewa kwa sababu ilikuwa mbovu, na ikiwa imesimama pale mafundi wengine wakachomoa vipuri vyake kuponya nyingine. Kwa hiyo usichukulie kwamba kila kitu kipo.

Fungua milango yote, washa tochi, weka mchoro pembeni na upite kipande kwa kipande. Tafuta bamba lenye matundu ya skrubu lakini halina kifaa juu yake. Mara nyingi hapo ndipo AVR au rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ilipokuwa. Tafuta plagi ya duara ya kijeshi inayoning'inia bila mwenzake. Tafuta waya uliokatwa ukafungwa tepu. Angalia kama kuna lebo ya karatasi iliyofungwa kwa kamba, maana mafundi wa jeshi huandika humo hitilafu waliyoikuta, na kuna wanaolipa fundi siku nzima kutafuta jambo lililokwisha kuandikwa.

Kisha angalia panya. Panya hupenda mno sanduku la jenereta: ni kavu, limefungwa, na kihami cha nyaya ni laini kutafuna. Ukikuta nyasi na mavi yao, toa kiota chote, puliza kwa hewa, halafu fuata kila fungu la nyaya kwa vidole (betri ikiwa imefunguliwa) ukitafuta palipotafunwa. Plagi za duara zifungue moja moja, mulika pini. Pini yenye ukungu wa kijani haipitishi umeme mdogo wa AVR hata kama inaonekana imeshika. Safisha, kausha, rudisha, kaza.

Hatua ya 3: Uliwasha inavyotakiwa?

Swali hili linaweza kukukera, lakini linaokoa kazi nyingi. Kwenye jenereta za kawaida za dukani unawasha, unaachia ufunguo, basi. Jenereta hizi za jeshi haziendi hivyo. Swichi ikiwa kwenye START hufanya kazi mbili: inazungusha stata (mota ya kuwashia injini), na pia inapeleka umeme wa betri kwenye koili ya uga ya eksaita (sehemu ndogo ya ndani inayoilisha jenereta kubwa) ili kuamsha usumaku. Ukiachia mara tu injini inaposhika, injini itaendelea kuzunguka vizuri lakini usumaku haujaamka, na mita ya volti itabaki sifuri.

Kwa MEP-803A, kwa mfano, swichi kuu hushikiliwa kwenye START mpaka mambo matatu yatimie: shinikizo la oili lifike angalau psi 25, volti zipande karibu na kiwango chake, na injini itulie kwenye mwendo wake. Ndipo unaachia. Usiogope stata, kwani injini inaposhika mwendo mfumo wenyewe huikata stata. Lakini ukisikia stata bado inasaga wakati injini imeshawaka, achia papo hapo. Hiyo ni hitilafu nyingine ya kushughulikia kwanza. Na injini isipowaka, usiizungushe zaidi ya sekunde 15 kwa mara moja. Iache stata ipoe kabla ya kujaribu tena.

Zima, subiri isimame, washa tena kwa namna hii ukitazama mita ya volti wakati umeshikilia. Angalia kwa makini mshale unafanya nini ukiwa umeshikilia, na unafanya nini ukiachia. Andika. Jibu hilo tutalihitaji.

Hatua ya 4: Umeme unaishia wapi?

Sasa tunagawa tatizo vipande viwili. Kwenye jenereta hizi, mita ya volti ya paneli hupima umeme kabla haujapita kontakta kuu, ile swichi kubwa ya ndani inayofungwa na kufunguliwa kwa swichi ya AC kwenye paneli. Kwa hiyo:

Mita ya paneli ikionyesha volti lakini terminali hazina kitu, jenereta yako inazalisha umeme. Tatizo liko njiani. Nenda hatua ya 5.

Mita ya paneli ikionyesha sifuri, usiiamini bado. Mita za jeshi ni imara ila zinazeeka, na swichi ya kuchagua fezi iliyoko karibu nayo hupata kutu ndani. Hapa mita ya hezi ni shahidi mzuri. Mita ya hezi haina chanzo chake cha umeme. Inaishi kwa umeme uleule wa jenereta. Kama inaonyesha 60 huku mita ya volti ikiwa sifuri, jenereta ni nzima na mita ya volti au swichi yake ndiyo mbovu. Zote mbili zikiwa sifuri, kuna uwezekano mkubwa kweli hakuna umeme. Hilo halimaanishi una hitilafu mbili. Ni moja tu inayozizima zote.

Hakikisha kwa multimita yako mwenyewe. Iweke kwenye volti za AC, kipimo cha juu, upime upande wa kontakta unaotoka kwenye jenereta, kati ya fezi na nyutro, kisha fezi na fezi. Usipime kati ya fezi na bodi ya chuma, kwani kama nyutro haijaunganishwa na bodi utapata namba za kupotosha.

Hatua ya 5: Umeme upo, hautoki

Anza na terminali zenyewe. Zimeandikwa L0, L1, L2 na L3, na L0 ndiyo nyutro. Watu hupotea hapa kwa sababu si zote zina umeme kila wakati. Swichi ya kuchagua volti ikiwa kwenye 120/240 ya fezi moja, kwenye MEP-802A na MEP-803A umeme uko L1 na L3. Kati yake utapata 240, na kila moja kwa L0 utapata 120. Aliyefunga waya wake kwenye L2 atasema jenereta ni mbovu.

Swichi hiyo ya kuchagua volti ni mshukiwa mzuri. Ina viunganishi vingi vikubwa ambavyo, mashine ikikaa bila kazi, hujenga utando mweusi. Injini ikiwa imezimwa na imesimama kabisa, izungushe kutoka mwanzo hadi mwisho mara kumi au zaidi. Viunganishi husuguana na kujisafisha. Kisha irudishe kwenye nafasi unayotaka na uhakikishe imekaa kabisa kwenye kituo chake. Usiizungushe kamwe injini ikiwa inafanya kazi. Cheche zitakazotokea ndani zinaweza kuiunguza isifae tena.

Baada ya hapo, kontakta. Mtu mmoja afunge swichi ya AC, mwingine asikilize. Unatakiwa usikie mlio mzito wa kontakta ikivutwa, na taa yake iwake. Ikivutwa na bado upande wa pili hauna umeme, midomo ya kontakta imeungua au ina kutu. Isipovutwa, pima volti za DC kwenye koili yake wakati mwenzako anafunga swichi. Kwenye nyingi za mashine hizi koili huvutwa na volti 24 za betri, kwa hiyo betri zilizochoka au chaja ya jenereta isiyochaji zinaweza kukunyima umeme wa AC ingawa injini inakwenda. Koili ikipata volti 24 na isivutwe, koili imekatika. Isipopata kitu, rudi nyuma kwenye swichi, fyuzi na rilei za ulinzi.

Rilei za ulinzi huzuia kontakta kwa sababu: mzigo umezidi, kuna shoti, au volti ziko chini mno. Soma paneli ya taa za hitilafu kama ipo, ondoa mzigo wote, weka upya, jaribu. Kontakta ikikubali bila mzigo na kukataa ukiunganisha mzigo, kosa liko kwenye nyaya zako za nje. Kuna swichi iliyoandikwa BATTLE SHORT inayozima ulinzi mwingi ili mashine iendelee kufanya kazi vitani. Usiitumie kupitisha hitilafu. Iliwekwa kwa ajili ya saa ambazo kupoteza jenereta ni nafuu kuliko kupoteza watu, na wewe huna sababu ya kuunguza steta yako (koili kubwa zilizosimama zinazotoa umeme).

Kama terminali zina umeme ila soketi ndogo ya pembeni haina, ni breka yake au kile kitufe cha usalama kwenye soketi kimeruka. Kibonyeze, umemaliza.

Hatua ya 6: Hakuna umeme popote

Hapa ndipo penye kazi ya akili, na ndipo wengi wanaponunua AVR. Inasaidia kujua mashine inavyojilisha. Jenereta isiyo na brashi ina koili ndogo iliyosimama, uga wa eksaita. Ikipata umeme mdogo wa DC, inazalisha umeme kwenye rota ndogo ya eksaita inayozunguka. Umeme huo unapita kwenye dayodi (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zinazozunguka pamoja na shafti, unakuwa DC, unaingia kwenye rota kubwa, na rota kubwa ndiyo inayozalisha umeme wako kwenye steta. AVR inachukua sehemu ya umeme wa steta na kuulisha tena uga wa eksaita, ikiongeza au kupunguza ili volti zitulie. Kwenye MEP-802A na MEP-803A, AVR hupata chakula chake kutoka koili ya ziada iliyofungwa ndani ya steta. Ni mduara. Ukikatika popote, mashine yote inanyamaza, na ndiyo maana kuangalia mita ya paneli pekee hakuwezi kukuambia umekatika wapi.

Kwanza hakikisha mwendo. Jenereta ya nguzo nne hutoa hezi 60 kwa mizunguko 1800 kwa dakika, na hezi 50 kwa 1500. Mita ya hezi ikiwa imekufa, pima mizunguko kwa takometa ya mwanga kwenye puli. Injini inayokwenda mizunguko 1200 haitoi volti za maana, na AVR nyingi hujikata zenyewe mwendo ukishuka ili zisiunguze koili. Kosa la aina hii ni la gavana (kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini) au dizeli, si la umeme.

Pili, angalia swichi ya kurekebisha volti. Ndani yake kuna reostati yenye kidole kinachotelezea juu ya waya. Miaka ya kukaa bila kuguswa huacha doa lisilopitisha umeme. Injini ikiwa imezimwa, izungushe huku na huku mara nyingi, kisha iache katikati. Imewahi kufufua mashine nyingi, na haina gharama.

Tatu ni kipimo ninachokithamini kuliko vyote. Tafuta kwenye mchoro waya mbili za uga wa eksaita. Mara nyingi zimeandikwa F1 na F2, au F+ na F-. Unganisha multimita hapo, kwenye volti za DC, kwa klipu zilizoshika vizuri ili usihitaji kushika chochote mashine ikizunguka. Multimita ya pili, kama unayo, iweke kwenye AC upande wa jenereta wa kontakta. Mwenzako awashe na ashikilie START kama tulivyosema, kisha aachie. Utaona moja ya mambo haya.

DC inabaki sifuri hata akiwa ameshikilia START. Umeme wa kuamsha usumaku haufiki. Usiguse AVR. Fuata njia yake kutoka betri: fyuzi, kiunganishi ndani ya swichi ya START, rilei, dayodi ya kuzuia, plagi. Swichi ya START huchakaa upande mmoja; inaweza kuzungusha stata vizuri na bado kiunganishi chake cha pili kikawa kimekufa.

DC inaonekana, AC inapanda wakati ameshikilia, halafu akiachia vyote vinaanguka. Huu ndio ushahidi mzuri kwamba eksaita, dayodi, rota na steta vinafanya kazi. Kinachokosekana ni AVR kuchukua zamu. Kabla ya kuilaumu, pima kama inapata chakula chake kutoka koili ya ziada, na kama waya zake za kunusa volti ziko nzima. Ikiwa inalishwa na haitoi DC, sasa ndipo una haki ya kusema AVR imekufa.

DC inaonekana lakini AC haipandi kabisa, au inapanda volti chache tu. Kosa liko ndani ya jenereta: uga wa eksaita, dayodi, rota au steta. Hatua ya 8.

AC inapanda lakini inasimama nusu njia. Mara nyingi ni dayodi iliyopigwa shoti, mwendo mdogo, au reostati mbovu.

Hatua ya 7: Thibitisha kwa betri ya nje

Kama matokeo hayakuridhishi, toa AVR kwenye mduara. Zima, fungua betri ya jenereta, chomoa waya mbili za uga kutoka AVR na uzifunge kwa tepu upande wa AVR. Lazima uzichomoe, maana betri ya nje ikiunganishwa AVR ikiwa bado ipo utaiunguza. Pima ukinzani wa uga kwa multimita. Kwa kawaida ni ohmu kadhaa hadi makumi. Linganisha na kitabu. Kama ni 20, betri ya volti 12 itapitisha ampea 0.6, kwa hiyo fyuzi ya ampea 3 inatosha kukulinda. Ukipata karibu na sifuri au mita ikisema waya umekatika, usiendelee, umeshapata kosa.

Chukua betri tofauti ya volti 12, isiyounganishwa na mashine. Unganisha kwa fyuzi na swichi ndogo, chanya kwenye F1 au F+, hasi kwenye F2 au F-. Rudisha betri ya jenereta, washa injini bila mzigo wowote, iache itulie kwenye mwendo wake. Kisha funga swichi yako ndogo kwa sekunde chache ukitazama AC.

Volti zikiruka juu kwa kishindo, jenereta ni nzima. Zikikaribia au kupita kiwango, fungua swichi haraka, kwani hakuna AVR ya kuzizuia. Kama hakuna mabadiliko, tatizo liko ndani. Zima injini kwanza, isimame kabisa, ndipo ufungue waya za betri ya nje.

Hatua ya 8: Ndani ya jenereta

Dayodi kwanza, kwa kuwa ndizo dhaifu kuliko vyote humo. Kwenye eksaita ya fezi tatu huwa sita. Fungua upande mmoja wa kila dayodi, weka multimita kwenye alama ya dayodi. Upande mmoja utapata takribani 0.4 hadi 0.7, upande wa pili mita ikatae. Ikisoma sifuri pande zote mbili imepigwa shoti. Ikikataa pande zote imekatika. Dayodi moja ya shoti inatosha kuua umeme wote na pia kuunguza AVR mpya uliyonunua jana, ndiyo maana nasisitiza zipimwe kabla ya kubadilisha AVR, hata kama umeshapata AVR iliyokufa. Ukibadilisha, weka za aina ileile, na angalia mwelekeo: nyingine zina chanya kwenye bolti, nyingine hasi, na kwa nje zinafanana.

Kifyonza mshtuko wa volti kilichofungwa pamoja na dayodi nacho hupigwa shoti. Kichomoe upande mmoja upime tena.

Kisha koili. Gusanisha waya za multimita zenyewe usome ukinzani wake, utoe kwenye kila kipimo. Koili za steta kubwa husoma ohmu chini ya 1, kwa hiyo usitafute namba kamili bali usawa: zile za fezi zinatakiwa kulingana. Moja ikitofautiana sana na wenzake, hiyo ndiyo mbovu. Rota kubwa husoma ohmu chache.

Hatimaye kihami. Kwa hili multimita haitoshi. Unahitaji mega (kipima kihami) ya volti 500. Chomoa AVR na vifaa vyote vya elektroniki, pigisha shoti dayodi kwa waya ili zisiumie, kisha pima kila koili kwa bodi. Chini ya megaohmu 1 usiiwashe. Lakini usikate tamaa haraka na mashine iliyokaa nje mvuani: unyevu peke yake unaweza kukupa kipimo kibaya. Puliza hewa ya vuguvugu au weka taa ya joto ndani kwa siku moja au mbili, milango ikiwa wazi kidogo, upime tena. Kipimo kikipanda saa baada ya saa ulikuwa unyevu. Kikibaki chini, koili inahitaji kufungwa upya, na hapo linganisha gharama na bei ya mashine nyingine.

Kama yako ni ya aina yenye brashi, angalia urefu wa brashi, springi zake, na pete zake. Pete nyeusi zisafishe kwa msasa laini wa kioo, si ule mweusi wa chuma, kwa sababu chembe zake hupitisha umeme na hubaki humo.

Hatua ya 9: Umeme ukirudi

Usiunganishe vifaa vyako bado. Pima kila fezi kwa nyutro bila mzigo, zote zilingane. Hezi 61 au 62 bila mzigo ni kawaida kwa gavana ya kimitambo, kwa kuwa zitashuka mzigo ukiingia. Zungusha kirekebisha volti taratibu uone volti zinafuata bila kuruka.

Kisha ipe mzigo wa hita au vifaa vingine vya kupasha joto, ambavyo haviharibiki volti zikiyumba. Anza robo ya uwezo wa jenereta, nusu, kisha robo tatu, ukikaa dakika kadhaa kila hatua. Volti zikishuka sana mzigo unapoongezeka ingawa bila mzigo zilikuwa nzuri, rudi kwenye dayodi. Moja iliyokatika huficha ugonjwa wake mpaka mzigo uje. Iache ifanye kazi saa mbili kwenye nusu mzigo au zaidi. Dizeli inayokwenda muda mrefu bila mzigo haipati joto la kutosha, na mafuta yasiyoungua hujikusanya kwenye ekzosi, jambo ambalo mashine zilizokaa uwanjani zinalo tayari.

Ukizima, subiri ipoe, fungua betri, kisha kaza tena nati za terminali zote nne na zile za kontakta. Shaba hutanuka ikipata moto na kulegea ikipoa, na terminali iliyolegea ndiyo itakayoungua wiki ijayo. Andika volti, hezi na ukinzani wa koili zote kwenye karatasi, uibandike ndani ya mlango wa paneli pembeni ya mchoro, ili anayefuata kuipima awe na namba za mashine hii hii ikiwa nzima za kulinganisha.